Mpigaji wa Kushoto wa Kaka Yangu

Ligi ya kriketi ya Wahindi ilianza Ramadhani ikiwa katikati, na wakati huo kaka yangu alikuwa ameshapoteza jicho la kulia. La kushoto lilikuwa likiona mwanga na vivuli tu, kama mtu anayetazama kupitia chandarua. Alikuwa akiishi kwangu Garsen, katika chumba cha nyuma ya hoteli yangu, tangu aliporudi kutoka Sharja na ugonjwa wa sukari. Sukari ilimla macho kwanza, kisha ikaingia kwenye figo.

Hoteli yangu si ya kulala wageni. Ni banda la mabati lenye meza tano, chai na mahamri asubuhi, wali na maharagwe mchana, na kambare wa mtoni siku nikimpata. Televisheni niliiweka kwa ajili ya wateja wanaopenda mpira wa miguu. Kriketi hakuna aliyeiomba. Iliingia pamoja na kaka.

Sisi ni watu wa Kipini. Yeye ndiye mkubwa wetu na mimi ni kitinda mimba, kwa hiyo alipokwenda Uarabuni mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Alikwenda kulinda ghala. Akawekwa katika kambi ya wafanyakazi, chumba kimoja na Wapakistani na Wahindi, na kila Ijumaa baada ya swala wenzake hao walikuwa wakitoka kwenda kucheza kriketi mchangani nyuma ya kambi, kwa mpira wa tenisi waliouzungushia utepe wa fundi umeme. Walimwita awaokotee mipira. Yeye akawa anairudisha kwa kuitupa, na anapotupa haikosei pale alipoilenga. Utotoni alikuwa hodari wa kuwatupia mawe kunguru waliokuja kuiba samaki kwenye uchanja wa mama wa kuanikia, na mkono ule hakuupoteza. Mmoja wa wale Wapakistani alikuwa na ndugu yake aliyefanya kazi kwenye uwanja wa mazoezi wa wachezaji wa kulipwa. Ndivyo kaka alivyoacha kulinda ghala akawa mrushaji wa mazoezini. Kazi yake ilikuwa kusimama juani kuwarushia wapigaji mipira, mmoja baada ya mwingine, mpaka wachoke wao au achoke yeye.

"Sikupata kucheza hata mechi moja ya watu kulipa kiingilio," alikuwa akisema. "Lakini wako wengi waliocheza, na mpira wao wa kwanza wa siku ulitoka mkononi mwangu."

Kuna mwaka mambo yaliharibika huko India, na ligi yao ikahamishiwa Uarabuni. Timu zikaja, na katika timu moja alikuwamo kijana mwembamba anayepiga kwa mkono wa kushoto, ambaye hakuna aliyemjua. Wakubwa wake walikuwa wakimaliza mazoezi wanakwenda zao kupumzika kwenye baridi. Yeye hubaki. Na kaka naye hubaki kumrushia. Alinisimulia kwamba bega lilikuwa likimvimba hata kula anakula kwa mkono wa kushoto, na yule kijana alipoliona lile bega siku moja alimletea barafu mwenyewe, kwenye taulo. Walizungumza Kihindi cha kambini, kile cha kubahatisha. Kaka alimwambia kosa lake: mguu wake wa mbele ulikuwa ukikimbilia upande na kuziba vijiti vitatu vinavyolindwa na mpigaji, na mpira ukimgonga mguuni mbele ya vijiti hivyo, mwamuzi humtoa. Kijana alikubali kwa kichwa. Kesho yake akalirudia lilelile.

Sasa huyo kijana alikuwa mtu mzima na jina lake lilikuwa juu. Msimu ule ndio aliotajwa tangu wiki ya kwanza miongoni mwa wapigaji wanaoongoza kwa mbio. Mbio ndizo pointi za kriketi, kama magoli kwa mpira wa miguu, ila mtu mmoja anaweza kujipatia mia moja kwa siku. Kaka aliposikia jina lile kwenye televisheni aliinuka kitandani, akaja akipapasa ukuta, akaketi kwenye meza ya mbele kabisa.

Wateja wangu hawakumwamini. Hawakumtukana, walimcheka kwa heshima, kama mnavyomcheka mtu wa nyumbani. Kwamba huyu mgonjwa wa Kipini, anayeongozwa kwenda msalani, amemfundisha mtu anayeshangiliwa na uwanja mzima? Waliniomba niwarudishie mpira wao. Aliyemwamini alikuwa mmoja tu.

Huyo alikuwa Msomali mwenye duka la mchele na sukari mkabala na hoteli yangu, ambaye kazi yake hasa ni kununua mbuzi na ng'ombe kwa wafugaji na kuwapeleka sokoni. Ujanani alikaa Dubai kwa jamaa zake, na majirani zake wa dukani huko walikuwa Wahindi. Siku ya kwanza alipopita nje akasikia mtangazaji wa kriketi, aliingia ndani na kandambili zake mkononi, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa lugha ya kwao mahali pa ugeni. Alimsalimu kaka, akamuuliza anamshangilia nani. Kaka akamwambia. Msomali akasema huyo ni mzuri lakini ana papara, na kwamba msimu huu utakuwa wa mpigaji wake yeye, mzee mmoja wa mkono wa kulia, mtulivu, ambaye haondoki uwanjani mpaka wamchoke. Kaka akamjibu kwamba hata mzee huyo aliwahi kupokea mipira yake mazoezini, na mipira ya juu inamtisha. Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Mechi zilikuwa zikianza kwetu saa kumi na moja jioni, na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Ramadhani, saa hiyo mimi niko jikoni na viazi vya karai na uji wa futari. Kaka hakuwa akifunga. Daktari alimkataza, na jambo hilo lilimuuma kuliko sindano. Msomali alikuwa akija na tende zake, anakaa pembeni yake, na wakati wa adhana anafungua kwa tende kimyakimya asimfanye mwenzake ajisikie vibaya, maana tende kaka alikatazwa. Hata maji alikuwa akipimiwa. Mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi hana pa kuyatoa maji, yanabaki mwilini yanamvimbisha. Alikuwa na kikombe kimoja kidogo cha bati, na hicho ndicho kilikuwa riziki yake ya maji.

Mwanzoni Msomali ndiye aliyekuwa akimsimulia mchezo. Lakini alikuwa akisimulia kwa upendeleo, nusu Kiswahili nusu Kisomali, na mpigaji wake mzee akipiga vizuri husahau kusimulia kabisa, anabaki kupiga meza. Tena siku za mnada hayuko. Siku moja hakuwapo, kaka akaniita kutoka jikoni.

"Dada, keti hapa. Niambie unachokiona."

Nilifuta mikono, nikaketi. Nikamwambia naona watu wamevaa njano na wengine buluu, na uwanja umejaa.

"Rangi niachie. Yule anayepiga, miguu yake iko wapi?"

Sikujua niangalie mguu gani. Akaniambia niangalie ule ulio karibu na mrushaji, nimwambie tu kama umekwenda mbele au umekwenda upande. Nikatazama. Kila mpira ukirushwa nasema: mbele. Mbele. Umerudi nyuma. Upande. Nikisema upande, kaka alikuwa akikunja uso na kuvuta pumzi, kama mama anayemtazama mtoto akikimbia kwenye ngazi. Yule mpigaji akiponea chupuchupu naye huachia pumzi.

Ndivyo nilivyoijua kriketi mimi, mwanamke wa makamo ninayekaanga viazi Garsen. Nilijua ova ni mipira sita. Nilijua mpira ukivuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini ni mbio sita, na ukigusa ni nne. Nilijua mpigaji anayeongoza huvalishwa kofia ya rangi yake pekee, na kwamba kofia ile huhama kichwa hadi kichwa msimu unavyokwenda. Wiki hii ilikuwa kwa mpigaji wetu wa kushoto, wiki ijayo kwa mzee wa Msomali, tena inarudi. Msomali akija asubuhi kufungua duka ananiuliza kwanza, "Abayo, kofia iko kwa nani leo?" Abayo ni dada kwa lugha yao. Sikuwahi kufikiria kama ipo siku nitaulizwa jambo hilo na mfanyabiashara wa mbuzi, na kwamba nitakuwa na jibu.

Mara mbili kwa wiki kaka alikuwa akipelekwa Hola kusafishwa damu. Aliondoka na gari la alfajiri, na mara nyingine Msomali akiwa na safari ya huko humchukua kwenye pikapu yake. Hurudi jioni amekuwa mwepesi na mchovu, uso umejaa kijivu. Siku hizo hakuweza kukaa mezani. Nilikuwa nikiongeza sauti ya televisheni, naye analala chumbani mlango wazi, na mimi nikiwa kwenye karai namwambia kwa sauti kilichotokea.

Siku ya furaha ilikuwa moja, nami naikumbuka yote. Ilikuwa baada tu ya Idi. Mpigaji wetu alianza polepole, hata Msomali akaanza kumcheka, kisha akaachia mkono. Mipira ilikuwa ikipaa juu ya watu. Nilikuwa nikisema mbele, mbele, mbele, mpaka kaka akaniambia, "Basi, usiseme tena, nasikia." Alipofikisha mia, mpigaji yule alivua helmeti akatazama juu. Nikamwambia kaka kwamba ametazama juu. Kaka alikuwa ameweka viganja vyake vyote viwili juu ya meza, ametulia. Machozi yalikuwa yakitoka kwenye yale macho yasiyoona, na hakuyafuta.

"Anapotazama juu anamtazama baba yake," alisema. "Alikufa kabla hajamwona akicheza. Aliniambia."

Wateja walikuwa wamejaa wakisubiri mpira wao, na mmoja wao, dereva wa bodaboda aliyekuwa akimcheka zaidi ya wote, aliinuka akaja kumpa mkono. Kaka aliushika kwa muda. Hakumuuliza ni nani.

Mvua zilikuwa zimeshaanza wakati huo, lakini si mvua ya kwetu inayotutisha sisi watu wa mto Tana. Yetu hunyesha ikaisha. Tunayoiogopa ni ya juu, ya milimani, na mabwawa yakijaa huko. Watu wa Ndera ndio waliotutangulia kupiga simu kwamba mto umeshapanda kwenye mashamba ya migomba, na kwamba wao wanahama. Siku mbili tatu baadaye maji yakaingia Garsen. Hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kimya, kwenye mitaro kwanza, kisha sokoni, kisha nikaona makaa yangu yanaelea. Tukachomoa televisheni tukaipandisha juu ya dari ya duka la Msomali, tukafunga milango, tukahamia Minjila kwenye mwinuko pamoja na watu wengine, chini ya maturubali.

Barabara ya Hola ikakatika kabla hatujamaliza kuhama.

Siku yake ya kusafishwa damu ilifika, hatukwenda. Magari yalikuwa yakifika pale maji yalipokata lami na kugeuka. Siku ya pili ikafika, hatukwenda tena. Nilimwona kaka akianza kuvimba miguu, kisha uso, hata macho yakafumba yenyewe. Usiku alilala ameketi kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Na alikuwa na kiu. Pande zote zetu palikuwa na maji mpaka upeo wa macho, ng'ombe wamesimama ndani yake, watoto wanaogelea, na yeye analamba mdomo uliopasuka. Akiniomba maji namlowesha midomo kwa kitambaa. Aliniomba kwa upole sana, na nilipomkatalia alisema, "Haya, dada," kama mtu aliyenyimwa kitu kidogo tu.

Msomali alikuwa amepoteza sehemu ya mifugo yake. Sikujua kiasi gani, hakusema. Nilimwona akija kutoka kwenye maji suruali imekunjwa, uso umekonda, akaja moja kwa moja chini ya turubali letu akamtazama rafiki yake. Alimwita kwa jina mara mbili. Kisha akaniambia, "Abayo, huyu hangoji maji yapungue." Akaondoka. Alizunguka mpaka akapata watu wenye mashua ya injini waliokuwa wakivusha watu na magunia pale barabara ilipokatika, akapiga simu kwa jamaa yake upande wa pili aje na gari kutungoja. Asubuhi iliyofuata tukamfunga kaka kwenye kitanda cha kamba, vijana wanne wakambeba mpaka mashuani.

Tulikuwa watu wachache mle. Aliyeshika injini, mama mmoja na mtoto wake mchanga, Msomali, mimi, na kaka ameegemea kifua changu kwa sababu hakuweza kulala. Chini yetu kulikuwa na barabara. Alama za njiani zilikuwa zimechomoza vichwa tu, na tulipita juu ya mahali ambapo najua pana daraja dogo. Mawingu yalikuwa yamefunga, hakukuwa na jua kali, na hilo nilimshukuru Mungu kwalo.

Umeme haukuwapo kwetu tangu maji yaingie, na ligi tulikuwa tumeisahau. Mimi nilikuwa nimeisahau. Kaka alifungua mdomo, sauti imekuwa nyembamba, akauliza, "Jana alicheza?"

Msomali alikuwa mbele yetu amechuchumaa. Simu yake aliichaji kwenye betri ya gari kila siku, na habari alikuwa nazo. Niliona akinitazama mimi kwanza. Nikadhani atasema uongo, na nadhani ningemsamehe.

"Alicheza," akasema. "Ametoka mapema. Hakupata kitu."

"Mguu?"

"Mguu, walal," akasema, akimwita ndugu kwa lugha yao. "Ulikwenda upande. Mpira ukamgonga."

Kaka alicheka. Ni kicheko kidogo, hewa tu iliyotoka puani, lakini nilikisikia kifuani mwangu kwa sababu alikuwa amenilalia. "Nilimwambia," alisema. Baadaye kidogo akasema tena, "Mwambie asiogope. Bado mechi ziko."

Msomali akamwambia, "Nitamwambia." Wala hatukumjua sote wawili mtu wa kumwambia.

Tulifika ng'ambo. Gari halikuwa limefika, lilikwama kwenye matope huko nyuma, tukaambiwa linakuja. Tukamlaza kando ya barabara juu ya mkeka, kichwa kwenye paja langu. Pumzi zake zilikuwa zimebadilika, zinatoka kwa mbali, halafu zinakaa. Msomali alikuwa na uzoefu wa mauti kuliko mimi. Akapiga magoti upande wa sikio lake akaanza kumtamkisha shahada, polepole, kwa sauti ya kawaida, sauti ileile aliyokuwa akiagizia chai. Niliona midomo ya kaka ikifuata. Kisha ikawa haifuati. Nikamtazama Msomali, naye akapitisha kiganja juu ya macho ya rafiki yake kuyafumba, ingawa yalikuwa yameshafumba kwa uvimbe.

Gari lilikuja muda si mrefu baadaye. Dereva alishuka akaona, akazima injini.

Tulirudi naye kwa mashua ileile. Kipini hatukuweza kumpeleka, kwa sababu njia ya huko nayo ilikuwa chini ya maji, na maiti hawekwi. Nilimpigia mama simu nikiwa nimesimama kwenye lami ya Minjila, mahali ambapo mtandao ulikuwa unashika. Mama ni mzee sana, simu alishikiwa na jirani. Nilipomwambia aliniuliza kama nitaweza kumleta. Nikamwambia siwezi. Akaniuliza kama yeye anaweza kuja. Nikamwambia hawezi. Akasema, "Basi mzikeni, mwanangu, msimcheleweshe." Simu ikarudi kwa jirani.

Tulimzika alasiri hiyo kwenye mwinuko, mahali ambapo wenyeji walikuwa wameruhusu watu wa mafuriko wazike. Hakuwa peke yake, palikuwa na makaburi mengine mapya. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua, na niliambiwa wachimbaji walikuwa wakiliinua tope na linateleza kurudi. Msomali aliingia kaburini mwenyewe kumpokea. Mimi nilibaki chini ya turubali na wanawake, kama ilivyo desturi, na sikujua wamemweka wapi hasa.

Maji yalikaa wiki nyingi. Ligi iliisha tukiwa kulekule. Msomali alikuja siku moja akanikuta nafua nguo, akasimama, akaniambia fainali imechezwa jana. Nikamwuliza kofia imechukuliwa na nani. Akasema imechukuliwa na yule mzee wake wa mkono wa kulia. Mpigaji wetu alikuwa wa tatu. Alivyonitolea habari hiyo ungedhani anatoa habari ya kushindwa. Nilimwambia hongera, naye akaitikia kwa kichwa akaenda zake.

Njia ya Kipini ilipofunguka nilikwenda kumchukua mama. Nilimkuta ameketi barazani, amevaa nguo ya kutokea, kibegi kando yake. Jirani aliniambia alikuwa akivaa hivyo kila asubuhi tangu asikie kwamba magari yameanza kupita. Njiani aliniuliza tu kama mwanawe alikuwa akila. Nikamwambia alikuwa akila. Akaniuliza chakula gani. Nikamtajia: wali mkavu, samaki asiye na chumvi, mahamri yasiyo na sukari niliyokuwa nikimpikia peke yake. Akasema, "Mahamri yasiyo na sukari," kisha akatazama nje.

Tulipofika Minjila sikuweza kumwonyesha kaburi. Nililiendea nikadhani ni lile, kisha nikaona mengine mawili mfano wake, udongo umetulia wote sawa, majani yameota, na vijiti vya alama vimechukuliwa na maji ya mvua. Nilisimama katikati yake nimemshika mama mkono na nikaona aibu isiyosemeka. Nikampigia simu Msomali. Alikuwa sokoni. Alikuja na bodaboda, akashuka, akaenda moja kwa moja bila kutazama huku wala huku mpaka kwenye kaburi la mwisho upande wa mashariki, lenye kipande cha tofali la saruji kichwani.

"Hapa, mama," akasema.

Mama alimtazama kutoka chini mpaka juu. "Wewe ndiwe uliyekuwa naye?"

"Ndiyo, mama."

"Na ndiwe uliyemlaza?"

"Ndiyo. Mimi na wengine."

Mama aliuchukua mkono wa Msomali, mkono wa kulia, akaushika kwa mikono yake yote miwili akaupapasa vidole kimoja kimoja. Msomali ni mtu mrefu, na alilazimika kuinama. Alibaki ameinama hivyo mpaka mama alipomwachia. Kisha mama akaketi chini kwenye udongo, nasi tukasogea mbali kidogo tumwache na mwanawe.

Garsen tumerudi. Kuta zangu zina mstari wa tope unaofika kifuani, nimezipaka chokaa mara mbili na bado unajitokeza. Televisheni ilipona. Ligi ilipoanza tena mwaka uliofuata Msomali alikuja saa kumi na moja jioni, akaketi mahali pake, nami nikaiweka bila ya yeye kuniomba. Mpigaji wetu alikuwa amehamia timu nyingine, amevaa rangi ambayo sikuizoea. Tulitazama ova mbili tatu. Nilijikuta nafungua mdomo niseme mbele, kisha nikaufunga. Msomali aliinuka, akasema ana mbuzi wa kupokea kutoka Chewele, akaondoka. Sikumlaumu. Wateja waliniomba mpira wa miguu, nikawawekea.